Namba ya Uwanja Uliofagiwa

1

"Rudi! Rudi huko huko barabarani, binti, usituaibishe!"

Nyemo alisimama ghafla. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, fimbo ya kupimia begani, vumbi limempanda mpaka kwenye kope, na sasa hata salamu hajatoa anafukuzwa kama mbuzi aliyeingia kwenye uwele wa watu. Wanawake wanne walitoka mbio kwenye nyumba za mwanzo za Chisanza, kila mmoja na ufagio mkononi, wakampita bila kumtazama usoni, wakaelekea kwenye paneli za jua.

Aliyempigia kelele alikuwa Loyi, mwanamke mfupi, mnene, ambaye kijiji kizima kilimwogopa kwa mdomo wake.

"Mbukwenyi, mama," Nyemo alisalimu.

"Mbukwenyi gani, na umetukuta tuko hivi! Umeme hatuna, simu zimekufa, leo siku ya tisa. Nani angetuambia unakuja? Kaa pale kwenye jiwe. Jifanye hujafika. Tukimaliza tutakuita, utakuja kama mtu anayetokea sasa hivi, na sisi tutashangaa. Umenisikia?"

Nyemo akakaa kwenye jiwe, lakini mwili haukutaka kukaa. Tangu jana moyo wake haukutulia mahali pamoja. Upepo wa kiangazi ulikuwa ukivuma kwa vipande vipande, na vimbunga vidogo vya vumbi vilizunguka mbugani kama watu wanaotafuta kitu walichokiangusha.

Leo ilikuwa siku ya kipimo cha tatu. Vipimo viwili vya kwanza vya kijiji huwa vya majaribio. Cha tatu ndicho kinachokaa, na namba yake hudumu miaka kumi.

Na Chisanza ilikuwa na kesi. Kwa misimu miwili kijiji kiliahidi umeme mwingi, kikapeleka kidogo. Walioahidi si watu. Aliyeahidi kwa niaba yao ni Mkadiriaji, mashine ya Gridi ya umeme iliyohesabu jua la kila kijiji kabla halijachomoza. Watu wa bondeni waliiita Mkwe. Lazima uiheshimu, huwezi kula nayo sahani moja, na hata uipe nini hairidhiki. Mkwe alikuwa amesema umeme unaopungua unaibwa, na mwizi ni mwenye mlango, yaani Peresi, msimamizi wa paneli. Siku tisa zilizopita alikata umeme wa kijiji pamoja na pampu ya maji. Leo saa sita mchana, kipimo kikitoa namba ileile ya misimu miwili, mlango wa nyumba ya umeme utaacha kuutambua mkono wa Peresi, jina lake litaingia kwenye orodha ya wezi wa Gridi, na pampu itanyamaza mpaka mvua.

Nyemo akatazama. Kazi hiyo aliiweza kuliko nyingine zote. Shule aliishia darasa la saba. Siku Gridi ilipotafuta wapimaji, wenye vyeti vyao waliachwa akachukuliwa yeye, kwa sababu kwenye majaribio waliambiwa wangoje wingu lipite, na yeye alingoja saa tatu nzima bila kuuliza litapita lini.

Sasa aliwaona wanawake wamekusanyika kwenye kigingi cha kupimia, kile cha chuma kilichochimbiwa katikati ya safu ya tatu. Wawili waling'oa majani. Mmoja alifagia kwa mwendo wa nusu duara, anarudi nyuma ili asikanyage alipopita. Loyi alikuja na debe la mchanga mweupe wa korongoni, akaumwaga, akausawazisha kwa viganja kama mtu anayetandika kitanda. Vumbi likapanda mpaka matumboni mwa paneli.

Nyemo akainuka kwenye jiwe. Misimu miwili alifika hapa akakuta peupe, pasafi, pamenyooka. Alidhani ndivyo palivyo.

"Tayari!" Loyi aliita. "Haya, fika sasa!"

Nyemo akafika.

"Aa! Jamani! Mgeni! Umetokea wapi?" Loyi alishika mashavu, na wenzake wakavunjika mbavu kwa kicheko, cha watu ambao hawajacheka siku nyingi. Nyemo peke yake hakucheka.

"Mama, mnafagia hivi kila ninapokuja?"

"Tukupokee kwenye majani? Kwani wewe swala?"

"Na kwenye safu nyingine?"

"Safu nyingine unakwenda kufanya nini? Wewe husimama hapa. Mtu anafagia mahali mgeni atakapokanyaga. Mama yako hakukufundisha?"

2

Peresi alitoka kwenye nyumba ya umeme akijifuta mikono kwenye kitenge. Alikuwa mrefu, mkavu, na macho yake yalionyesha kwamba usingizi ulimhama zamani.

"Umekuja kunizika," alisema.

"Nimekuja kupima, mama."

"Si ni kilekile?"

Nyemo akaisimamisha fimbo juu ya uwanja uliofagiwa, kigingi kikiwa katikati ya miguu yake mitatu. Kichwani fimbo ilikuwa na mkono mwembamba wenye macho mawili. Moja lilitazama mbinguni, jingine lilitazama chini. Alilaza pimamaji, akakaza skrubu moja, akalegeza nyingine, mpaka povu likakaa katikati. Kisha akasogea nyuma hatua saba na kujikunyata. Gauni lake lilikuwa la kijivu, kama la wapimaji wote, maana mpimaji akivaa nguo nyeupe jicho la chini litapima nguo badala ya ardhi.

"Sijawahi kuelewa hicho kidude kinafanya nini," Loyi alisema. "Kinatazama juu, kinatazama chini, kama bibi harusi."

"Kinalinganisha," Nyemo alisema. "Jua likimwaga vikombe mia, ardhi inavinywa vingine, vingine inavirusha juu. Hizi paneli zina nyuso mbili. Uso wa juu unakunywa jua lenyewe. Uso wa chini unakunywa kile ambacho ardhi imekirusha. Kwa hiyo Mkwe anataka kujua ardhi yenu inarusha vikombe vingapi. Akishajua, anajua mtampelekea umeme kiasi gani."

Fimbo ikalia mlio mdogo. Thelathini na nne, kama mwaka jana na mwaka juzi. Angekibonyeza kitufe chekundu, namba hiyo ingekwenda kwa Mkwe. Hakukibonyeza. Alikunja miguu ya fimbo, akaibeba, akaingia nayo kwenye safu ya tano.

"Unakwenda wapi?" Peresi aliita. "Kigingi kiko huku!"

Chini ya safu ya tano kulikuwa na majani mpaka kwenye vifundo. Asubuhi umande ulidondoka kutoka kwenye paneli, mchana kivuli kiliulinda, na hivyo katika bonde zima lililokauka rangi ya mfupa, hapa palikuwa kijani iliyokolea. Mbuzi wawili walimtazama Nyemo wakitafuna. Aliwafukuza, akasimamisha fimbo, akalaza pimamaji, akasogea, akangoja. Upepo ukamchezea gauni. Nzi akatua mdomoni mwake na hakumpiga, asije akatikisa kivuli.

Ishirini na moja.

Akaenda safu ya nane. Ishirini na mbili. Safu ya kumi na moja, ishirini na moja tena. Aliporudi midomo yake ilikuwa imekauka.

"Mama Peresi," alisema, "Mkwe anadhani ardhi yenu yote inarusha thelathini na nne. Hiyo ni ya hapa tu, upana wa mkeka mmoja. Kwingine kote ni ishirini na moja. Alikuwa anawadai umeme ambao jua halijawahi kuwapa."

Peresi alikaa chini. Alikaa pale pale kwenye mchanga mweupe, akauharibu.

"Kwa hiyo siibi."

"Huibi."

"Sema tena."

"Huibi, mama. Hujawahi kuiba."

Peresi akafunika uso kwa kitenge.

"Kwa hiyo mwizi ni ufagio wangu?" Loyi aliuliza, na safari hii hakuwa anatania.

"Mwizi ni mimi," Nyemo alisema. "Ninyi mlipokea mgeni. Mimi nililetwa kutazama, nikatazama mlichonitandikia. Sikuuliza."

3

Jua lilikuwa linapanda. Ilibaki chini ya saa moja.

Peresi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuliona shimo la pili, kwa sababu sheria za Gridi alizijua kama sala. Alijifunua uso.

"Ishirini na moja iko chini ya ishirini na tano."

"Ndiyo."

"Kijiji kilicho chini ya ishirini na tano hunyang'anywa paneli za nyuso mbili. Zinapelekwa kwenye ardhi nyeupe, kule kwenye magadi. Tunarudishiwa zile za zamani za uso mmoja."

"Pampu itafanya kazi," Nyemo alisema haraka. "Za uso mmoja zinatosha pampu."

"Na mashine ya kusaga?"

Nyemo akaitazama fimbo yake.

"Na jokofu la maziwa? Unajua tulikuwa tunamwaga maziwa mangapi kabla ya jokofu? Unajua mabinti wa hapa walikuwa wanatwanga uwele kuanzia saa ngapi? Mikono hii," Peresi alinyoosha viganja, "ilikuwa na sugu kama kwato."

"Basi tung'oe majani yote," Loyi alidakia. "Tumwage mchanga safu zote. Tuko wanawake wangapi? Leo hatuwezi, lakini mpaka mwezi ujao…"

"Na mbuzi wale nini, ufagio wako?" Peresi alimkata. "Majani mengine yako wapi? Nionyeshe kwa kidole."

Loyi alizunguka kigingi mara moja, mara mbili, akasimama pale mchanga mweupe ulipokutana na majani.

"Binti, njoo usimame hapa."

"Hapo pana nini?"

"Hapa nusu ni nyeupe na nusu ni kijani. Sisi wote tuko hapa na hatuna macho wala mdomo. Simamisha."

Nyemo alijua hapaswi kusimamisha, akasimamisha. Alijiambia anataka kujua tu. Jicho la chini likatazama mpaka ule, fimbo ikalia, na namba ikatoka nzuri kama yai: ishirini na saba. Ilikuwa juu ya ishirini na tano, hivyo paneli zingebaki. Na upungufu wa Chisanza ungekuwa mdogo, kiasi ambacho Mkwe husamehe bila kumwita mtu mwizi. Pampu, mashine, maziwa, jina la Peresi, vyote vingepona kwa kidole gumba kimoja.

Gumba lilikuwa tayari juu ya kitufe.

Mawazo yake yakaenda Igose. Kila mwezi alipita Igose, kijiji cha mwisho kwenye waya. Mkwe alikuwa na kanuni moja ambayo kila mpimaji aliikariri: umeme ulioahidiwa usipofika, pengo linabebwa na aliye mwisho. Jokofu la chanjo la zahanati ya Igose lilizimika kila siku kabla jua halijatua. Nyemo alimwona muuguzi wa pale akifunga chupa za chanjo kwenye magunia yaliyoloweshwa, akizipepea kwa mfuniko wa sufuria. Siku hiyo Nyemo aliwalaani wezi wa umeme kwa sauti, muuguzi akaitikia amina. Mwizi waliyemlaani wote wawili alikuwa namba yake.

"Hiyo tofauti ya sita itatoka wapi?" alisema.

"Sita gani?" Loyi aliuliza.

"Ishirini na moja mpaka ishirini na saba. Umeme huo haupo, mama. Mkwe atauahidi kwa watu. Usipofika, Igose watazimiwa. Miaka kumi."

"Igose wana ndugu zao," Loyi alisema, lakini alitazama pembeni.

Peresi aliinuka, akaja akasimama karibu kabisa na Nyemo. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Nisikilize, mwanangu. Miaka miwili nimeitwa mwizi na sijaiba. Nikipita kisimani watu wananyamaza. Mume wangu ameanza kunihesabia maneno. Leo niache niibe kidogo. Angalau hilo jina liwe langu kihalali."

Kivuli cha Nyemo kilikuwa kimejikunja chini ya miguu. Akaiondoa fimbo pale mpakani. Wakati huohuo fimbo ikatetemeka yenyewe mkononi mwake, kama kitu hai kilichoshtuka usingizini.

Saa sita.

4

"Mpimaji Nyemo," fimbo ilisema. Sauti ya Mkwe ilikuwa ya kiume, safi, haina haraka, kama ya mtu anayesoma taarifa ya habari. "Naona vipimo vitano na hakuna ulichothibitisha. Mahali pa kupimia ni kigingini. Thibitisha kipimo cha kigingini."

"Kipimo cha kigingini si cha kweli."

"Kifaa kina hitilafu?"

"Kifaa hakina hitilafu. Pale kigingini panafagiwa na kumwagwa mchanga nikija. Shamba lote ni majani. Namba ya kweli ni ishirini na moja."

Wanawake walikuwa wamesogea, wamezunguka, wanaiangalia fimbo kama wanaoangalia nyoka aliyefunguliwa kikapuni.

"Kuibadili ardhi ya kigingini ili kupandisha namba ni hila. Hila ya kijiji huthibitisha wizi. Hukumu dhidi ya msimamizi Peresi inabaki."

"Hila!" Loyi aliruka. "Kufagia ni hila? Wewe kwenu hamfagii?"

"Sauti isiyo ya mpimaji haisikilizwi."

"Na usisikilize! Mkwe usiye na mama!"

Nyemo aliinua mkono, Loyi akaishia hapo. Jasho lilimwingia machoni. Alijua njia imebaki moja, na alijua inapopita, na miguu ilimwambia akimbie.

"Si hila ya kijiji," alisema. "Hawakuwa wanajua kufagia kunabadili namba. Walikuwa wanapokea mgeni. Aliyetakiwa kujua ni mpimaji. Kosa liandike kwangu."

"Kosa la mpimaji lina kanuni yake. Mpimaji akikosea mahali pamoja, pana hila ya mahali hapo. Mpimaji akikosea kwa mazoea, kosa ni lake, na vipimo vya kila alikokosea hufutwa na kurudiwa. Mpimaji Nyemo amepima vijiji kumi na viwili. Nikiandika kosa lako, nahitaji kujua: ni vingapi kati ya hivyo vilikupokea kwa kufagia?"

Upepo uliacha. Nyemo aliviona vijiji vyote kwa mara moja, na kila kimoja alikiona na kigingi chake kwenye duara safi jeupe lenye mistari ya ufagio. Aliona Nkhome. Nkhome namba ilikuwa imeshakaa, thelathini na tatu, na watu walikuwa wameshajenga juu yake: karakana, darasa la mafundi, bomba mpaka kwenye mlango wa kanisa. Msimamizi wa paneli wa Nkhome alikuwa mama yake mzazi. Siku ya kipimo mama yake aliamka kabla ya kuku, akafagia mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Mgeni alikuwa mwanawe.

Angeweza kusema kumi na kimoja. Mkwe asingejua. Kwa hiyo kumi na kimoja vingepimwa upya na kimoja kingelala salama miaka kumi. Na Igose wangeendelea kupepea chupa.

"Mpimaji Nyemo. Ni vingapi?"

Peresi alikuwa anamtazama. Hakuomba tena kitu. Alimtazama tu kama mtu anayemtazama mwenziwe akivuka mto uliojaa.

"Vyote," Nyemo alisema.

"Pamoja na Nkhome?"

"Nimesema vyote."

"Imeandikwa. Hukumu dhidi ya Peresi inafutwa, na jina lake halitaingia kwenye orodha. Umeme wa Chisanza na pampu yake vinarudishwa. Paneli zitahamishwa kabla ya mvua. Vijiji kumi na viwili vitapimwa upya na mpimaji mwingine. Wasimamizi watapigiwa simu jioni hii."

Jicho la chini la fimbo likafumba, kisha la juu. Ikawa bomba tupu mkononi mwake. Hata uzito wake ulibadilika.

Kule bondeni pampu ikakohoa mara tatu, ikatema upepo, ikashika. Mtu akapiga yowe. Ndoo zikaanza kugongana, wanawake wakakimbia, Loyi mbele yao na debe lake tupu la mchanga, akiita majina ya watu waje kabla Mkwe hajaghairi.

Peresi hakukimbia. Alibaki amesimama kwenye uwanja uliovurugwa.

"Nkhome," alisema. "Si ndiko kwenu?"

"Ndiko."

"Nani anasimamia paneli za kule?"

"Mama."

Peresi alifumba macho, akafumbua. Alitazama jua, akapima kwa mkono umbali wake mpaka kwenye kilima, kama wanavyofanya watu wanaorudisha ng'ombe.

"Ukikata kwa njia ya korongoni utafika kabla hawajampigia."

"Nilikuwa nawaza hivyo hivyo."

Nyemo alikuwa ameshaanza kuondoka. Peresi alimshika mkono, akampeleka mpaka bombani kwa nguvu kama mtoto, akawasukuma wenye ndoo pembeni, akakinga kibuyu. Maji yalitoka ya moto, yenye kutu, mekundu, baadaye yakasafika.

"Kunywa kwanza. Si kila siku mtu anakwenda kumwambia mama yake neno kama hilo."

Nyemo akanywa akiwa amesimama, maji yakimtiririka kidevuni na kuloanisha gauni la kijivu, macho yake tayari yako kwenye njia ya korongoni. Hakumaliza kibuyu. Alikirudisha, akashukuru, akaenda.